Mchoraji wa Rasharasha

Familia ilikaa ikaamua kwamba wasifu huu uandikwe na usomwe na mdogo wake wa kike, aliyemfuata ziwa. Wengine wote walisema wakisimama hapa hawatafika mstari wa tatu. Yeye ana ulimi mkali na machozi ya mbali, na marehemu mwenyewe alizoea kumwambia hivyo, kwa hiyo atakayekwazwa na maneno yatakayofuata awalaumu waliomchagua.

Marehemu, ambaye nusu ya mliofika hapa hamjui jina lake lingine zaidi ya Wino, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Aprili 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza saa, mtaa wa pili kutoka stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkewe. Alichelewa sana kusema, mpaka majirani wakaanza kunong'ona, lakini mama alikuwa akiwajibu kwamba mtoto hana shida yoyote, bado anatazama. Na kweli alikuwa anatazama. Ukimwekea kijiko mbele yake alikikodolea macho mpaka chai inapoa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Daftari zake zilikuwa na hesabu upande mmoja na watu upande wa pili. Siku moja mwalimu wa hesabu alifungua daftari akakutana na pua yake mwenyewe, kubwa kama ilivyo, na nywele zake zote. Darasa zima likasubiri fimbo. Mwalimu akachana ule ukurasa polepole, akaukunja, akautia mfukoni, na miaka mingi baadaye tuliukuta umetundikwa sebuleni kwake. Baba alipofariki mwaka 1967, Wino aliacha shule kidato cha pili akaanza kuandika mabango ya maduka ili mama, mdogo wake wa kike na kitindamimba wapate kula.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo moja la kazi yake ambalo lazima mlijue. Wino hakuweza kuchora kitu bila kukitazama. Akitaka kitunguu, kitunguu kiletwe mezani. Akitaka mtu anayekimbia, mtu akimbie uani, arudi, akimbie tena. Wachoraji wengine huchora kutoka kichwani, na walimcheka, lakini yeye alikuwa haambiliki. Alisema kichwa kinatia chumvi.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa na Mhariri, ambaye yupo hapa leo, amekaa safu ya tatu na fimbo yake. Ofisi ilikuwa juu ya mashine za kuchapia, na zikiwashwa meza zote zilitetemeka, kwa hiyo mistari iliyonyooka ilichorwa wakati mafundi wa chini wanakula. Mhariri alikuwa na kitabu chake cha hadithi za picha, na shujaa wake, Tufani, mwenye joho refu na kifua kipana, alimchora yeye mwenyewe na hakuruhusu mtu mwingine kumgusa. Siku ya kwanza kabisa alimwambia Wino, "Huyu Tufani anaongea peke yake kila ukurasa. Watoto wameanza kudhani ana kichaa. Nitengenezee mtu wa kuongea naye. Awe mdogo, awe mwoga, awe na masikio makubwa wacheke."

"Anaitwaje?"

"Mkubwa ni Tufani. Mdogo muite Rasharasha."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa msaidizi ambaye wengi wenu mlimsoma chini ya dawati. Kazi yake ilikuwa kubeba joho, kuuliza "Sasa itakuwaje, bosi?" na kukamatwa na maadui mwisho wa kila toleo. Toleo lililofuata Tufani alikuja kumwokoa. Kama hakuna wa kuokolewa, ushujaa ungeonekana wapi?

Kwa kuwa Wino hakuchora asichokiona, alihitaji mtoto mwoga mwenye masikio makubwa, na nyumbani alikuwa naye. Kitindamimba wetu alisimama juu ya kigoda kila jioni akiwa amefungwa kamba mikononi, akilipwa kwa peremende. Akiambiwa ogopa, anaogopa. Akiambiwa lia, analia kweli, halafu anaomba aongezewe peremende moja. Watoto wa mtaani walimwita Rasharasha mpaka akaanza kuitika.

Mwaka 1974 Mhariri alitaka kitu cha kushtua, na Rasharasha akaandikiwa kuanguka kutoka juu ya tangi la maji. Wino alimlaza kitindamimba sakafuni, akaukunja mguu wake wa kushoto kwa nyuma, taratibu, akauchora vile unavyolala. Toleo lilitoka Ijumaa. Jumapili, kitindamimba alipanda ngazi kushusha mpira ulionasa kwenye paa, ngazi ikateleza. Mdogo wake wa kike alikuwa uani anafua. Aliuona ule mguu kabla hajasikia kilio, na alijua tayari umelala vipi, kwa sababu alikuwa ameshauona siku mbili nyuma kwenye ukurasa wa mwisho.

Mama hakupiga kelele. Alingoja mtoto afungwe plasta, arudi nyumbani, alale. Kisha akamwita Wino jikoni akamwambia, "Ulimchukua sura, na mwili umeifuata. Usimchore tena mwanangu. Wala mtoto wa mtu mwingine yeyote."

"Mama, ni ngazi tu iliyoteleza."

"Nimekusikia. Na wewe umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Hatusimami hapa kusema habari za uchawi. Watoto huanguka kila siku, na ngazi ile baba aliifunga kwa waya tangu sisi wadogo. Lakini kuanzia wiki ile Wino alinunua kioo kirefu, akakiegemeza ukutani karibu na meza, akawa anamchora Rasharasha kwa kujitazama yeye mwenyewe. Basi masikio yakapungua. Taya likakomaa, na suruali fupi ikaanza kuonekana kituko juu ya magoti ya mwanaume. Wasomaji waliandika kuuliza kulikoni, na Mhariri akawajibu gazetini kwamba Rasharasha amebalehe.

Mwaka 1977 kukatokea tatizo la joho. Tufani alitaka kumwachia msaidizi wake joho dogo, na Wino hakujua kitambaa kinaangukaje mgongoni kwa mtu anayeruka. Alikwenda kwa binti mmoja fundi cherehani, nyuma ya soko, akaagiza joho la bluu. Binti akamshonea. Wino akalivaa palepale, akapanda juu ya benchi, akaruka, akamwomba binti amwambie linavyokaa. "Mwanaume mzima," binti akasema, pini zikiwa mdomoni, "unaruka na shuka mgongoni mbele ya wateja wangu. Rudia, sikuona vizuri." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa binti na mwana. Joho lile lilitumika kufunikia cherehani mpaka lilipochanika.

Miaka ya themanini ilikuwa mizuri. Rasharasha alivaa suruali ndefu. Alianza kubishana na bosi wake, kwanza kidogo, halafu bila kificho. Mwaka 1983 Tufani alikamatwa, na kwa mara ya kwanza msaidizi ndiye aliyekwenda kumtoa. Barua zilimiminika ofisini, na Mhariri hakuzipenda hata kidogo, kwa sababu watu walikuwa wananunua kitabu kwa ajili ya yule wa pembeni. Jina la Rasharasha likaingia kwenye jalada. Jina la Wino halikuingia. Mdogo wake alimuuliza sijui mara ngapi kwa nini haendi kudai, na jibu lilikuwa lilelile, kwamba yeye ni msaidizi wa msaidizi na kazi hiyo inamtosha. Jambo hilo linamuudhi huyo mdogo wake mpaka leo, na halitaacha kumuudhi eti kwa sababu tuko makaburini.

Mwaka 1993 Mhariri alikuja na habari nyingine. Vitabu vya nje vilikuwa vimejaa giza na damu, na cha kwetu kilionekana cha kitoto. "Wasomaji wamekua," alisema. "Wanataka kuona mtu anaumia, na kuumia kwenyewe kusipone." Akaamuru Rasharasha apoteze jicho la kushoto.

Wino alijifunga kitambaa kwenye jicho la kushoto akakaa mbele ya kioo miezi miwili, akijifunza jinsi mtu wa jicho moja anavyogeuza kichwa, anavyomimina maji, anavyomwogopa anayekuja upande usioonekana. Zilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kuchora. Mwaka uliofuata, akiwa anavuka barabara, aliigonga baiskeli ambayo hakuiona kabisa. Kliniki walisema ni presha ya macho, na jicho la kushoto limeshakwenda. Mkewe alilia. Kitindamimba, ambaye sasa alikuwa mtu mzima anayechechemea, alikwenda akakaa naye mchana kutwa. Dada yake alipomletea chakula, Wino alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Afadhali ni mimi." Dada hakuuliza afadhali kuliko nani.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2012. Kabla hajaondoka alimwandikia Rasharasha ugomvi wa mwisho na Tufani, kisha akamchora anakwenda zake kwenye barabara ndefu, ameupa ulimwengu kisogo. Mhariri alitaka uso uonekane. Wino alikataa, akasema kisogo kinatosha. Tangu siku hiyo alilala vizuri. Alifuga kuku, akawa anaongea nao sana kuliko alivyowahi kuongea na sisi, na kila mchana alipitia ofisi za zamani kusalimia mafundi wa mashine. Mjukuu wake wa kike, mtoto wa binti yake, alimpitia hapo akitoka shule wakarudi nyumbani pamoja.

Mwaka 2023 vitabu vilikuwa haviuziki. Mkono wa Mhariri ulikuwa umeanza kutetemeka, akaajiri mchoraji mpya, dada mpole sana anayechora kwenye kompyuta, na familia haina neno baya juu yake. Alielezwa kwamba Rasharasha anarudi, lakini safari hii ni msichana. Hakuna aliyemweleza jambo lingine lolote. Yeye huchora kwa kutazama picha za simu, na kila mchana mbele ya meza yake alikuwa anapita msichana mchangamfu wa miaka kumi na miwili, mwenye pengo la meno ya mbele, anayerukaruka akimngoja babu yake. Akampiga picha. Mtoto alifurahi. Aliambiwa asiseme mpaka jalada litoke, ili babu ashtuke.

Babu alishtuka. Binti yake anasema alilishika lile jalada kwa mikono miwili, akalisogeza karibu na jicho lake zima, kisha akakaa chini kwenye ngazi za ofisi kama mtu aliyeambiwa msiba. Mjukuu alikuwa anacheka, "Babu, ni mimi, nimekuwa Rasharasha." Wino akamwambia ni mzuri sana. Akamshika mkono wakaenda nyumbani, na njia nzima hakuuachia hata kwenye kinjia chetu kisichopita gari.

Alikwenda kumwomba Mhariri abadilishe uso. Akaambiwa aache mambo ya kizee. Akaenda tena. Akaambiwa wasomaji wameshampenda. Katika toleo la Septemba mwaka jana, Rasharasha yule mdogo aliungua mkono wa kulia katika moto wa ghala, akachorwa na bendeji kutoka kiwiko mpaka vidole. Tarehe 6 Oktoba, jikoni kwa mama yake, mjukuu alinyanyua birika na mpini ukachomoka. Mkono wa kulia. Kutoka kiwiko mpaka vidole.

Wino alifika hospitali kabla ya wazazi. Aliutazama mkono ule ukifungwa, kisha akatoka hapo akaenda moja kwa moja ofisini, na dada yake akamfuata kwa sababu hakupenda alivyokuwa anatembea. Ndiye anayewasomea, na alichoandika hapa alikisikia kwa masikio yake.

"Toleo la Desemba lina nini?" Wino aliuliza.

Mhariri alikuwa amekwishatangaza, na tangazo lilikuwa ukutani nyuma yake, herufi nyekundu: KIFO CHA RASHARASHA. "Ndilo litakalotuokoa," alisema. "Watu watalia. Shujaa anampoteza msaidizi wake, anapata hasira, tunapata miaka mingine kumi."

"Anakufaje?"

"Ukuta unamwangukia. Wino, ni karatasi."

"Najua ni karatasi. Nimekufanyia karatasi miaka arobaini."

"Basi unajua siwezi kurudi nyuma. Rasharasha lazima afe."

Mashine za chini zilikuwa zinanguruma na kikombe cha Mhariri kilikuwa kinatembea polepole juu ya meza. "Afe," Wino akasema. "Lakini afe yule wa kwangu. Mrudishe kutoka ile barabara. Ukuta ukianguka, amsukume mtoto, abaki yeye. Nitachora mwenyewe, na hutanilipa."

Tuwe wakweli, Mhariri alifurahi. Alisema hilo ni bora kuliko lile la kwanza, na kwamba wasomaji wa zamani watarudi wote. Akamletea karatasi nyumbani siku hiyohiyo.

Alichora wiki tano kwenye meza ya chakula, kwa nibu na wino wa chupa, kioo kirefu kikiwa kimeegemezwa kabatini. Mtoto alimchora kwa mgongo tu, anakimbia kutoka kwenye picha. Uso ulikuwa mmoja, wa mzee mwenye jicho moja na taya tunalolijua. Siku moja mkewe alirudi kutoka dukani akamkuta amelala sakafuni sebuleni, magodoro mawili na mito yote ya nyumba vikiwa juu ya kifua chake, mikono imetandazwa.

"Inuka, unanitisha."

"Ngoja kidogo," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyebanwa. "Nataka nijue pumzi inakwisha vipi."

Mkewe aliiondoa mito mmoja mmoja. Alipofika kwenye magodoro alianza kulia, na Wino akamwomba radhi, akainuka, akaenda mezani akachora kwa kalamu alichokuwa amekipata pale chini.

Toleo lilitoka Alhamisi tarehe 12 Desemba 2024. Lilimalizika madukani siku hiyo. Jioni Wino alianza kukohoa. Wiki iliyofuata alikuwa hawezi kulala chali, na tarehe 23 alilazwa. Daktari, kijana mwenye subira sana, alitueleza kwamba mapafu yale yalichoka siku nyingi kwa vumbi la karatasi na mafuta ya taa ya kusafishia mashine, na kwamba ugonjwa huo haukuanza Desemba. Tunamshukuru na tunamwamini. Lakini Wino alipomweleza anavyojisikia, alisema ni kama ukuta, na hakuna aliyekuwa amemfundisha aseme hivyo.

Siku ya mwisho mjukuu aliruhusiwa kuingia wodini. Bendeji ilikuwa imeondolewa, ngozi mpya ikiwa bado ya waridi. Akamwonyesha. "Babu, mkono umepona, umeona?" Wino aliutazama mkono ule kwa muda mrefu, kama alivyotazama vitu vyote maishani mwake, akaugeuza, akatazama upande wa pili. "Naona," alisema. Alifariki Jumamosi tarehe 11 Januari 2025, asubuhi, mkewe akiwa ameshika mguu wake.

Wasifu ulipaswa kuishia hapo, na hapo ndipo ulipoishia mpaka jana. Jana alasiri Mhariri alifika msibani na mchoraji wake. Alitoa rambirambi vizuri, akanywa chai, akasifu kazi ya marehemu kwa maneno ambayo yangemfaa akiwa hai. Kisha akasema wasomaji wanaandika usiku na mchana, wanamtaka Rasharasha, na kwamba toleo la Machi limeshatangazwa. "Katika kazi yetu hakuna anayekufa moja kwa moja," alisema. Akamwita mjukuu wetu, akamwomba asogee dirishani penye mwanga, apigwe picha chache tu, akiwa na huzuni hivyohivyo.

Mchoraji alikuwa ameshatoa simu. Kwa heshima yake tuseme kwamba mkono wake haukuinuka. Mjane wa marehemu aliweka sinia chini, akaenda akasimama kati ya mtoto na dirisha. "Mume wangu amekufa moja kwa moja," akasema. Akamchukua mtoto akaingia naye chumbani, akafunga mlango.

Mhariri alimaliza chai yake, akaomba fimbo, na alipokuwa anatoka alisema tutaongea baada ya mazishi. Ndiyo maana familia imechapa maneno haya kwenye ratiba, ili kila aliyefika aende nayo nyumbani, na asije mtu akasema hakuambiwa. Marehemu alilipia kitu. Sisi hatujui alimlipa nani, na hatutaki kujua, lakini tulimwona akilipa, na hatuna mwingine wa kulipia mara ya pili.

Marehemu ameacha mjane, fundi cherehani. Binti mmoja na mume wake. Mwana mmoja, fundi umeme. Mdogo wa kike anayesoma hapa. Mdogo wa kiume, kitindamimba, ambaye amesimama karibu na kaburi na amekataa kiti. Na mjukuu mmoja, mwenye uso wake mwenyewe.

Apumzike kwa amani, na asichorwe tena.